Changu Kabla ya Ibada

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu. Jukwaani ningejifunga kanga nikawaigiza wote wawili, ila hapa nina kalamu tu.

Sokoni Bagamoyo, dada mwenye sare ya kwaya alikuwa akimhimiza mama mkaanga samaki.

"Shikamoo mama, niwahishie changu wangu, nachelewa ibada ya jumuiya!"

"Marahaba. Ndio kwanza nawatia kwenye mafuta."

Mara adhana ya alasiri ikalia. Mama akaliepua karai, akalifunika kwa sinia.

"Mama! Na samaki wangu?"

"Hawarudi baharini hao, mwanangu. Nakwenda kuswali."

Dada akasonya, akatazama simu, akabaki palepale. Mama akarudi akitengeneza mtandio, akamwona.

"Hee! Bado upo? Mimi kwa Mungu nimekwenda na nimerudi. Wewe uliyekuwa unachelewa kwake, bado unawangoja changu?"

Sisi Wakristo sare tunazo, kwaya tunazo, kamati ndiyo usiseme. Mungu tunampangia baada ya samaki.

Foleni nzima ilicheka, na mimi, niliyekuwa nyuma ya yule dada, nilicheka kuliko wote. Kisha simu yangu ikaita. Walikuwa watu wa jumuiya ileile.

"Mzee, uko wapi? Tunakusubiri ufungue ibada kwa sala."