Vidole vya Pimamaji

Fundi vigae aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Pimamaji hakuwa na makuu, ila jambo moja: hakuweza kuketi mezani kabla hajahakikisha kwamba meza imekaa sawa. Kile kifaa chake cha kupimia usawa, chenye kipovu cha hewa ndani ya kichupa, alitembea nacho hata harusini. Kipovu kikikimbilia upande mmoja, aliinama, akakunja karatasi na kuipachika chini ya mguu wa meza, huku wenyeji wake wakiangalia dari. Mkewe alishazoea. Alimpenda hivyo hivyo.

Pimamaji alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto. Kwa miaka mingi hilo halikumkera mtu. Ukitaka kazi upande huu unavuka daraja, ukimkumbuka mama yako unavuka tena, na askari wa darajani anakuuliza habari za huko kwa sababu naye ana shangazi huko. Kisha wakubwa wa nchi mbili wakakutana, wakapeana mikono mbele ya kamera, wakatangaza kwamba udugu sasa utaimarishwa. Tangu hapo mgeni hafanyi kazi bila viza ya kazi, na akitoka bila viza hiyo, harudi.

Pimamaji angejikalia kimya na mambo yake, lakini dada yake akapiga simu. Macho ya mama yamekwisha.

"Haoni kabisa, kaka. Na simu hataki, anasema inampigia kelele sikioni. Kila siku anauliza utakuja lini. Nimwambie nini?"

"Mwambie nashughulikia karatasi."

"Nilimwambia. Anasema ni karatasi gani hizo zinazomshinda mtu anayebeba mifuko ya saruji?"

Pimamaji akaenda uhamiaji. Alikuwa na kila kitu: barua ya mkandarasi, picha ambazo alikatazwa kucheka, cheti cha daktari kinachosema yu mzima. Afisa, binti mpole mwenye mafua, akamwambia aweke vidole kwenye kioo cha mashine. Taa ikawaka nyekundu. Afisa akafuta kioo. Nyekundu. Akamfuta Pimamaji vidole. Nyekundu. Mwishowe akaushika mkono wake na kuuinua kwenye mwanga.

"Fundi, alama zako ziko wapi?"

Pimamaji akatazama vidole vyake kama mtu aliyeibiwa akiwa macho. Ncha zote zilikuwa zimelainika kama kitako cha sahani, na chini yake ngozi ngumu inayokwaruza. Saruji ilikuwa imezilamba alama zote, na yeye hana habari.

"Zimeliwa na kazi, afande."

"Basi pumzisha mikono mpaka zirudi."

"Nikipumzisha mikono, sifanyi kazi."

"Ndiyo."

"Na nisipofanya kazi, viza ya kazi ni ya nini?"

Afisa akafikiri kweli kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Hilo ni dirisha jingine," akasema.

Kwenye dirisha jingine palibandikwa tangazo kwamba mhusika ametoka kidogo.

Nyumbani, mkewe alilipokea agizo la afisa kama dawa ya daktari. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake sasa ikawa ndiyo inayowalisha wote wawili. Mume akakatazwa kuosha kikombe, kufunga kamba za viatu, kubeba hata ndoo tupu. Jioni alipakwa glisirini na kuvishwa soksi mikononi. Mama mkwe alipopita kusalimia akamkuta mkwewe analishwa kijiko kwa kijiko, soksi mikononi. Alikwenda kuyasemea kwa majirani, na tangu hapo vijana wa barazani wakawa wanamwamkia, "Bi harusi, umeamkaje?" Pimamaji alimeza maneno pamoja na chakula. Nyumba ya jirani ilikuwa inawekwa vigae na fundi mwingine, na kwa kusikia tu mlio wa nyundo alijua vinakaa upande. Ilimuuma sana.

Mistari ikaanza kurudi, myembamba. Mkewe aliikagua chini ya taa ya cherehani, na siku aliyoiona imekamilika alipiga yowe hadi majirani wakaja na fimbo wakidhani ni nyoka. Mashine ya uhamiaji ikawaka kijani. Viza ikatoka.

"Darajani pia utaweka kidole, kutoka na kurudi," afisa alimwonya. "Uitunze mikono, fundi."

Akavuka. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu mama, kama anavyojibiwa mpita njia, akanyoosha mkono. Akaupokea mkono wa mwanawe, akaugeuza, akapapasa vidole kimoja kimoja. Kisha akauachia kwa adabu. "Karibu, baba. Umetumwa na mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu ni fundi. Mikono yake inakwaruza, kama ya marehemu baba yake. Wewe una mikono ya karani, na unaongea kama watu wa ng'ambo."

"Mama, ndiye!" dada akaingilia.

"Nyinyi mkiona mtu haoni, mnamletea yeyote."

Pimamaji akazunguka, akalia nyuma ya nyumba. Alipomaliza akarudi mlangoni, akaweka kipimo chake juu ya kizingiti ambacho mama alikuwa akijikwaa nacho kila siku. Kipovu kikakimbia. Akaenda kununua saruji.

Mkewe alipiga simu wakati mumewe ameinamia kizingiti, saruji na mchanga vimemfika kwenye vifundo vya mikono mitupu, simu ameibana begani.

"Umevaa glavu?"

"Nimevaa."

Alimaliza kizingiti, akaingia sakafu ya jikoni, akatengeneza njia ya chooni ili mama apite bila kushikwa. Mama alisikiliza koleo likikwangua. Jioni ya siku kazi ilipokwisha, akamwita mgeni wake aje kula, akaushika tena mkono wake. Saruji ilikuwa imekauka kwenye nyufa za ngozi. Mama akaupapasa kwa muda mrefu.

"Mbona umechelewa hivi, mwanangu? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nashughulikia karatasi, mama."

Siku ya kurudi, darajani, aliweka kidole kwenye kioo. Nyekundu. Askari akafuta kioo, akasema ajaribu kingine, na Pimamaji akavitoa vyote, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Mkewe alikuwa amesimama upande wa pili wa kizuizi. Chupa ya glisirini alikuwa nayo mkononi, na soksi ameshazikunjua.