Watu wa Kunitukana

Uchungu ulinikuta napiga pasi. Nilikuwa nimebakiza kofia moja ya sufu ya mtoto, na sikutaka kwenda kuzaa huku nimeacha kazi nusu. Nikaegemea meza, nikainyoosha mpaka mshono wa mwisho, kisha nikamwaga makaa, nikazoa majivu na kufagia. Mume wangu, msaidizi wa dereva wa garimoshi, alikuwa amekwama upande wa Kasaji ambako mvua zilikuwa zimekula udongo chini ya reli. Mama yangu alikuwa mbali, Sandoa. Majirani walikuwepo, ukuta kwa ukuta, lakini tangu niolewe na kuletwa Kolwezi sikuwahi kumkaribisha hata mmoja aingie ndani. Kila siku niliona kitu ambacho hakijawa sawa. Bukari yangu, yaani ugali, ilikuwa na madonge, kiti kimoja kilikuwa kimelegea, Kiswahili changu kilinuka Kilunda. Nilijiambia nitawaita siku kila kitu kitakapokuwa tayari.

Aliyenipeleka hospitali ni mwenye duka la kona, mfanyabiashara Mwislamu kutoka mashariki. Alinikuta nimekaa kando ya barabara juu ya mfuko wangu, akashusha gunia la unga ili nipate nafasi kwenye kiti cha mbele cha kamioneti yake. Njiani aliniuliza kama nina mama, shangazi, mkwe, hata rafiki. Alipoona ninatazama mikono yangu aliacha kuuliza. Mlangoni aliniombea dua fupi, akaondoka, maana mzigo wake ulikuwa unangojewa Mutoshi.

Ndani palikuwa na vitanda vya chuma vyenye mpira mwekundu juu yake, na mkunga mmoja kwa ajili yetu sote. Ndugu walikatazwa kuingia, wakakaa kwenye korido na kuita kupitia mlango. "Jikaze, mama, tuko hapa." Kila sauti ilikuwa na mwenyewe. Mimi nilisikiliza sauti za wengine na kujikaza kwa hizo.

Niliacha shule darasa la nne, na kila nilichokijua baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe. Nilijifundisha kufuma kwa kutazama picha katika magazeti ya zamani ya Kifaransa, na hivyo hivyo nilidhani nimejifundisha kuzaa. Mtu apumue taratibu, asipige kelele, asimsumbue mkunga. Uchungu ulipozidi na mguno ukanitoka, niliomba msamaha. Ukaja mwingine, nikaomba tena. Mkunga, mwanamke mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi, alinitazama.

"Pardon ya nini, citoyenne? Lia tu. Hapa hakuna concours ya kushinda."

Sikuweza kulia. Niliuma ncha ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, mpaka mtoto wa kiume akatoka, mwekundu, mwenye hasira. Nikafikiri nimemaliza, na tena nimemaliza vizuri. Nikauliza kama ninaweza kushuka nifute sakafu. Mkunga aliweka mkono tumboni kwangu akauacha pale, akachukua kile kifaa cha mti kilicho kama tarumbeta ndogo, akainama kusikiliza.

"Lala. Mungine angali ndani."

Wazo langu la kwanza, na ninaliandika kama lilivyokuja, ni kwamba nilikuwa na kofia moja tu.

Wa pili alikuwa msichana. Alitanguliza miguu, mdogo kama mkate, akakohoa kidogo na kunyamaza. Mkunga alimsugua mgongo kwa kitambaa hadi akatoa sauti nyembamba. Nami hapo hapo nikaanza kuogopa.

Kwetu mapasa, yaani pacha, hawapokelewi kama watoto wengine. Wanawake huja wakaimba, na nyimbo zenyewe ni matusi. Humtukana mama, humtukana baba, wakataja mambo ambayo siku nyingine hayatajwi mbele za watu, na mama naye hujibu. Hiyo ndiyo heshima ya mapasa. Tena kila kitu lazima wapewe sawasawa, asije mmoja akaona amedharauliwa. Mama alinisimulia habari za dada yake, aliyezaa mapasa nyumba ikiwa kwenye kilio, na hakuna aliyethubutu kuimba. Yule mdogo alikataa ziwa. Walisema alikasirika, akarudi alikotoka.

Kwa hiyo nguo nilizofuma kwa miezi yote ile hazikumfaa mtu. Zilikuwa za mtoto mmoja. Nilitoa kikwembe changu cha maandamano, chenye picha ya rais, nikataka kukipasua katikati. "Pasua pembeni," mkunga alininong'oneza. "Usimukate uso." Nikapasua pembeni, vipande viwili sawasawa, nikawafunga wote humo.

Lakini kesho yake msichana alikuwa bado hajanyonya. Alishika chuchu, akaiachia, akalala. Mkunga alinionyesha jinsi ya kumdondoshea maziwa kwa kijiko, ila hata hayo ya kijiko yalikuwa machache. Akaniambia nisipolegea maziwa hayatashuka. Kulegea ni jambo ambalo sikuwahi kujifundisha.

Saa ya kutembelea wagonjwa, chumba kilijaa sufuria. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha mke wa mfanyakazi wa mgodi, Mkasai, na watu wake walikizunguka kitanda hicho hata yeye mwenyewe haonekani. Mama yake, mwanamke mpana mwenye sauti nzito, alinipa sahani ya bukari na samaki. Nikamwambia nimeshiba. Nilikuwa na njaa, lakini sikuwa na kitu cha kumrudishia katika ile sahani. Aliiacha juu ya kitanda changu, kisha akatazama vile vifurushi viwili.

"Aba mapasa, bantu babo beko wapi? Nani alibaimbia?"

Nikasema bado. Aliuliza mume wangu anafanya kazi wapi, nikasema kwenye garimoshi. Akatikisa kichwa, akawageukia watu wake. Kwao pia mapasa huimbiwa, na nilimwelewa. Mtu hamtukani binti wa watu asiowajua. Huo ni ugomvi. Hakuna ambaye angenipa matusi hayo nisipoyaomba, nami sikuwa nimewahi kuomba hata chumvi. Msichana alikuwa amelala kifuani kwangu, mdomo umefunguka kidogo, hautafuti chochote. Maneno yalitoka kwa shida kuliko yeye alivyotoka.

"Mama, nakuomba unitukane."

Yule mama alinikazia macho.

"Utajibu? Hatutukanaka mutu mwenye kunyamaza. Ile njo kumuonea."

Nikasema nitajibu.

Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akafunga kikwembe chake upya, akaanza kupiga makofi. "Angalieni huyu mwenye kukonda! Benzake banazaa mumoja, yeye anazaa sawa mbuzi!" Binti zake wakaitikia. "Na bwana yake wa train, alisafiri mara mbili na tiketi moja!" Vitanda vyote vikacheka. Yaliyofuata sitayaandika, yalinihusu kuanzia kiunoni kushuka.

Kisha wakangoja. Nilitafuta katika maneno yote niliyoyaokota magazetini, sikupata hata moja lenye faida. Mwishowe nikatazama kilichokuwa mbele yangu.

"Na weye," nikasema, "matako yako imenyanganya batoto wangu kitanda."

Yule mama alijipiga paja. "Eeh! Sasa njo umezaa!" Chumba kikalipuka. Nilicheka mpaka mishono aliyonishona mkunga ikaniuma, nikalia pale pale kwa sauti, kilio kile cha jana na cha mwaka mzima, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilipotazama chini, kifua cha gauni langu kilikuwa kimelowa. Nikamweka msichana. Akavuta, akaacha, akavuta tena.

Nikala ile bukari yote. Ilikuwa na madonge.

Asubuhi jirani yangu aliruhusiwa. Watu wake walibeba sufuria, mtoto na mafurushi, wakasema watarudi kunitazama, kama watu wanavyosema. Mhudumu akaligeuza godoro lake. Saa ya wageni ilipofika nilitazama mlango mpaka saa hiyo ikapita.

Msichana alikuwa amenyonya, lakini kidogo, na sikujua kama nyimbo za siku moja zinatosha. Wengine walipolala baada ya chakula, niliwasogeza wote wawili karibu na mdomo wangu, nikaanza kwa sauti ya chini. Nilijitukana, nikajijibu. Kiitikio nilikikosea, nikaendelea. Baba yao alikuwa bado Kasaji. Nilimtukana na yeye, sawasawa na mimi, ili asikose fungu lake.