Mkanda Unaochuja

Mwalimu wetu wa karate alitokea Biharamulo mjini akiwa na magwanda meupe, mkanda mweusi na sauti ya mtu anayetaka udiwani. Hapa Kasulo tulipewa ghala la kahawa lililokuwa halijaona kahawa kwa miaka. Tukafagia mavi ya popo, tukaanza kupiga mateke hewani. Wanawake tulikuwa wawili. Mwenzangu aliolewa akaacha, nikabaki mimi, mkulima wa maharage wa miaka thelathini na ushee, ninayeishi na mama.

Siku ya kwanza hatukurusha hata ngumi, tulihubiriwa tu. Karate, alisema, ilianza Uchina, na maana yake ni mkono mtupu. Nilipomsimulia mama, aliacha kupeta maharage.

"Kwa hiyo anakwenda kwa watu hana kitu mkononi, halafu anajisifu?"

Kwetu mgeni wa mikono mitupu husemwa hadi wanawe wasemwe. Mwalimu alikuja mtupu kila wiki, ila hakuwahi kuondoka hivyo. Kila safari pikipiki yake ilibeba mkungu wa ndizi wa mwanafunzi mmojawapo.

Siku hizi simu inaniambia kwamba karate ilikulia kwenye visiwa vya Okinawa, huko Japani, na kwamba jina lake liliwahi kuandikwa kwa maana ya mkono wa Kichina kabla halijageuzwa kuwa mkono mtupu. Kwa hiyo hakukosea yote. Mtu akiongea muda mrefu vile, mawili matatu lazima ayapatie.

Kilichoniteka ni mikanda. Mweupe, alisema, ni mtu asiyejua kitu. Wa njano ni jua linalochomoza, wa kijani ni mmea, wa kahawia ni mazao yaliyokomaa. Alipofika kwenye mweusi alijishika kiuno tu. Akatueleza kuwa zamani kila mtu alianza na mkanda mweupe, ukabadilika wenyewe kwa jasho na vumbi, na ndiyo maana ni mwiko kuufua. Ukifua mkanda umefua na elimu. Simu inasema hiyo ni hadithi tu, kwamba vyeo vya mikanda vilichukuliwa kutoka judo na rangi nyingi ziliongezwa baadaye. Lakini wakati ule tuliamini, tena tulikuwa na bahati, maana udongo wa Kasulo ni mwekundu. Masika moja tu, darasa zima tukawa na mikanda ya kahawia. Kwa mtindo huo, mtu wa Kibimba akitoka kupalilia migomba ni bingwa wa dunia.

Kisha akatangaza mchujo. Alikuwa amepata darasa jingine Kaniha, hivyo angemchagua mmoja wetu abaki kufundisha Kasulo, na sharti awe na mkanda wa kahawia. Niliitaka nafasi ile kuliko chochote nilichowahi kutaka. Siyo kwa ajili ya mateke. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimeitwa dada, shangazi, na wewe. Nilitaka watu waniite mwalimu.

Asubuhi ya mchujo nikaukuta mkanda wangu uani, juu ya kamba, mweupe pe. Mama alikuwa ameusugua kwa sabuni ya mche hadi nyuzi zikatoka.

"Mwana wanje, mwanangu, ungesimama mbele za watu na uchafu ule?" akasema. "Kalate gani hiyo ya kunuka?"

Nililia pale pale chini ya kamba, mtu mzima mimi. Kisha nikaufunga ukiwa mbichi, nikaenda.

Mwalimu aliutazama, akautazama tena. "Umerudi mwanzo," akasema. "Kakae na wageni." Wenzangu wachafu wakacheka, na nikawachukia wote.

Mlangoni akatokea mama. Alikuwa amenifuata na kikapu cha viazi vitamu kichwani, maana yeye hajui kwenda kwa mtu mikono mitupu.

"Shikamoo mama," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwalimu. Mwanangu hana kosa, mkanda nimeufua mimi." Akatua kikapu, akajifuta uso, akamtazama kiunoni. "Na wako ulete niufue. Naona unachuja."

Wote tukatazama. Kwenye magwanda yake, chini ya mkanda, kulikuwa na michirizi myeusi. Tuliizoea, alikuwa ametuambia ni jasho la miaka mingi ya mazoezi. Siku ile kulikuwa na joto na michirizi ilikuwa inateremka mapajani. Nikasogea, nikasikia harufu niliyoijua tangu shule ya msingi: unga wa betri za redio uliopondwa na majani, ule tuliokuwa tukipakia ubao uwe mweusi.

Mwalimu akaufunika mkanda kwa mikono yote miwili. "Huu haufuliwi, mama."

"Haufuliwi," mama akauliza kwa upole, "au haufuliki?"

Mwalimu akawageukia wengine. Darasa alimpa mwanamume mwenye mkanda mchafu kuliko wote, akafunga viazi vyetu kwenye pikipiki, akaenda Kaniha. Darasa lile lilidumu hadi msimu wa kupanda. Baadaye wachache walikuja uani kwetu, mmoja mmoja, wakiulizia mazoezi. Mama aliwapokea kwa kuwanyooshea mkono awavue mikanda. Yote sasa ni myeupe, na hakuna hapa mwenye uwezo wa kutupa mweusi. Hao wanafunzi nao waliniita dada.

Jumamosi moja nilikuwa nawasahihisha namna ya kusimama, mama akaita kutoka jikoni kwa sauti ya kunidhihaki.

"Mwalimu, maji yameisha."

Wakacheka sana, na tangu siku hiyo hawaniiti vingine. Nikabeba ndoo nikaelekea kisimani haraka, wasiyaone machozi yangu.