Chupa ya Mofini Iliyobaki Gitothua

Katika miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo mjini Thika, na kitu nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa kabati la chuma ukutani. Ndani yake tuliweka mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu ya saratani. Sheria mpya ya mihadarati ilikuwa imeiweka dawa hiyo pamoja na bangi. Aliyepatikana nayo bila karatasi sahihi alijua anakoelekea.

Wacha nieleze utaratibu pole pole. Kabati lilikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi, wa pili muuguzi mwenzangu. Kila dawa iliyotoka iliandikwa kwenye rejista, na sote wawili tukatia sahihi. Mgonjwa wa nyumbani alipewa chupa ya wiki moja. Akifariki, dawa iliyobaki ilirudishwa, ikapimwa, ikaandikwa. Mkaguzi wa serikali aliweza kuja siku yoyote kulinganisha kabati na maandishi.

Kule Gitothua, Ruiru, tulikuwa na mzee mwenye saratani ya koo. Binti yake ndiye aliyekuja kuchukua dawa, na hakuwahi kuchelewa kurudisha chupa. Jumatatu moja akatuma habari kwamba baba ametuacha. Wiki hiyohiyo tukasikia mkaguzi ameingia Thika.

Sasa, nani huenda kwenye nyumba ya matanga, watu wamekaa kupanga mazishi, akadai chupa ya dawa? Niliona haya. Nikakadiria kilichobaki, nikaandika: imerudishwa, nusu chupa. Mwenzangu akatia sahihi. Nilijiambia chupa itakuja baada ya mazishi.

"Ukifungwa nitakuletea sahani ya githeri," akanitania.

"Na wewe nani atakuletea? Sahihi yako si hiyo hapo?"

Akaacha kucheka.

Ijumaa, siku moja baada ya mazishi, nilienda Gitothua. Nilimpa binti pole, tukanywa chai, kisha nikauliza kuhusu chupa.

"Ile dawa, sista? Tulimwaga. Chupa tukaitupa chooni siku ileile aliyofariki."

"Yote?"

"Dawa ya marehemu hailali nyumbani. Shosho, nyanya yetu, anasema ikilala inaita mwingine."

"Lakini si nilikuambia uirudishe?"

"Uliniambia. Lakini shosho alikuwa amesimama mlangoni akingoja nitoke nayo." Akanitazama. "Kwani nimekosa?"

Niliweka kikombe chini. Nikinyamaza, rejista ilikuwa na chupa ambayo haipo, chini ya sahihi yangu. Nikisema kweli, yeye ndiye angeulizwa dawa ya serikali ilienda wapi. Mimi ningepoteza leseni, pengine nifungwe. Yeye angeweza kuitwa muuzaji wa mihadarati, nguo za msiba zikiwa bado mwilini. Nilimweleza yote, neno kwa neno, kwa sababu alistahili kujua.

"Basi wakiniita nitakuja," alisema. "Usibebe peke yako."

Nilirudi Thika, nikafungua rejista. Katika kazi yetu kosa halifutwi. Unalipiga mstari mmoja ili bado lisomeke, unaandika ukweli kando, unaweka tarehe na sahihi. Wewe unayeanza kazi hii leo, usiukimbie mstari huo. Siku ile mimi niliupiga nikiamini unanimaliza, na mwenzangu alitia sahihi yake kando bila mzaha wowote.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Alishuka na kidole safu kwa safu, kikasimama kwenye mstari ule.

"Sista, hii ni nini?"

Nilimwambia. Hakuinua macho. "Huyo mama aje kesho," alisema. Jioni hiyo nikamtumia binti habari.

Binti alifika asubuhi na mapema, kitambaa cheusi kichwani.

"Ulimuuzia nani?" mkaguzi alimuuliza.

"Ningekuwa nimeuza, ningekuja hapa kukuonyesha uso?"

"Choo kiko wapi?"

"Gitothua, nyuma ya migomba. Twende ukachungulie."

Mwenzangu alikohoa kuficha kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alimuuliza kuhusu shosho, kuhusu siku ya kifo, kuhusu vijiko vingapi mzee alikuwa akinywa. Akaandika kwa muda mrefu sana.

"Mama, nenda nyumbani," alisema mwishowe. "Pole kwa msiba."

Kisha akanigeukia. "Uliandika kitu ambacho hukukiona. Kama ningekuta hukukisahihisha, tungekuwa tunaongea kituo cha polisi." Alinyoosha mkono. "Ufunguo."

Niliutoa shingoni nikampa. Leseni nilibaki nayo, pamoja na barua ya onyo. Kabati likapewa mwingine. Nilipotoka nje kutafuta hewa, nilimkuta yule binti bado amesimama langoni. Alikuwa amekataa kupanda gari la Ruiru mpaka anione nikitoka, na bila askari kando yangu.