Shimo la Maganda Chini ya Ghala

Tulinagwe wa Itaka alikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza. Miaka sitini imeshampita, na bado hawezi kuona kazi ya watu asisimame. Basi fundi Shadrack alipowasili kutoka Tunduma na pampu, mabomba na mapipa ya dawa ya kugandisha udongo, mama huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika.

Pembe moja ya ghala la kahawa la chama cha ushirika ilikuwa inadidimia. Ukuta ulishapasuka, na msimu wa kuvuna ulikuwa umekaribia. Pembe ile isipoimarika, ghala lote lingevunjwa.

"Hiyo dawa inafanyaje, fundi?"

"Inapenya katikati ya chembe za udongo, mama, kisha inaganda. Udongo unashikana kama jiwe."

"Na usiposhikana?"

Shadrack alicheka. Kesho yake hakucheka. Dawa ya mapipa matatu ilishazama ardhini, lakini nondo aliyoichomeka kupima ugumu ilipita kama kijiti kwenye ugali. Lilibaki pipa moja.

Tulinagwe alijua kitu, na kilimnyima raha. Pale kwenye pembe palikuwa na shimo la marehemu baba yake, Yonathani. Kila msimu mzee alilijaza maganda ya kahawa, na yeye, msichana mdogo, akiyakanyaga pekupeku mpaka yatulie. Miaka ikapita, mzee akakipa chama kiwanja, akaapa kwamba chini ni pagumu. Jina lake liliandikwa ukutani, palepale penye ufa.

Hata hivyo, hakutaka kusema kabla ya kuhakikisha. Alileta makopo mawili, moja la mchanga, jingine la maganda yaliyooza.

"Nimiminie kidogo, mwanangu. Nataka kuona tu."

"Usiguse, itakuunguza," Shadrack akasema, akammiminia.

Haukupita muda mrefu, mchanga ukawa jiwe. Maganda yalibaki uji. Tulinagwe aliyatazama makopo yale kwa zamu, akashangaa kama mtoto, hata akasahau kwa kitambo kwamba aibu ile ilikuwa yake. Kisha akamfuata Sadoki, mwenyekiti wa chama, akamweleza habari ya shimo.

"Mzee alituapia, dada," Sadoki akasema.

"Najua. Nilikuwepo, nikanyamaza."

Wanachama waliegemeza ukuta kwa magogo ili maganda yachimbwe, na Tulinagwe ndiye aliyetangulia kushika jembe. Maganda meusi yakatolewa ndoo kwa ndoo, na wanawake wakaanza kuyagombania kwa ajili ya mashamba yao. Baadaye shimo lingejazwa mchanga, dawa ya pipa la mwisho ingesukumwa ndani, na nondo ingegoma kuingia. Lakini alichokuja kukisimulia Tulinagwe kila mara ni pale shimo lilipomfika mabegani, jembe likagonga udongo mwekundu na kuruka.

Akapiga tena. Likaruka tena.

"Ni pagumu kweli, baba," akasema, machozi yakimlengalenga. "Ungetuambia tu ni mbali kiasi gani."