Mashine Isiyojua Bure

"Kwangu mimi mchuzi wa kuongeza haujawahi kuuzwa, na siku utakapouzwa, njooni mninyang'anye upawa huu mbele ya watu."

Shangazi yangu aliyasema hayo kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa mtaa, mkutano ulioitwa kuzungumzia takataka. Hakuna aliyemuuliza habari za mchuzi. Mwenye duka la misumari na rangi alikuwa analalamika tu kuhusu mtaro ulioziba, na katika kulalamika akagusia kwamba wenye migahawa siku hizi wanauza kila kitu, kilichobaki kuuzwa ni harufu. Shangazi, aliyekuwa ametoka jikoni mbio na upawa bado mkononi, akasimama. Alipokaa, takataka zilikuwa zimesahaulika na yeye keshapata jina. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Mama Ongeza, na wapo wanaokula kwake miaka yote bila kujua kwamba ana jina jingine.

Mgahawa wenyewe ni chumba kimoja kirefu chenye meza sita, na jiko nyuma ya ukuta wenye kidirisha cha kupitishia sahani. Bei zimechorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa nyekundu, na mchoraji aliyezichora aliweka na picha ya samaki ambaye anafanana na kiatu. Ukinunua wali maharage unapewa na bakuli la mchuzi. Likiisha, unaliinua juu, halafu linarudi limejaa. Likiisha tena, unainua tena. Mwalimu mstaafu anayekaa meza ya dirishani huinua mpaka mkono unachoka, na Shangazi humtazama kwa furaha kama mtu anayetazama mwanawe akifaulu mtihani.

Sasa, ofisi ya kodi ikaleta mtu. Dada mmoja mpole sana, alikula, akalipa, akaomba risiti. Shangazi akamwandikia kwenye kile kitabu cha risiti cha kuchana. Dada akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba, kisha akajitambulisha. Akasema kufikia mwisho wa mwezi mgahawa uwe na mashine iliyoidhinishwa, ile inayopeleka mauzo yenyewe ofisini kwao, vinginevyo leseni haitahuishwa. Shangazi akamuuliza hiyo mashine itakuwa inawaambia nini huko. Dada akasema kila kilichouzwa. Na kisichouzwa? Dada akatabasamu, akasema kisichouzwa hakiwahusu. Shangazi akashukuru na kumwongezea chai.

Jioni hiyo nikaitwa. "Wewe si umesoma kompyuta?" Nikamkumbusha kwamba diploma yangu niliiacha katikati. Akasema hiyo nusu inatosha, kwani mgahawa wenyewe ni mdogo.

Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana mwenye viatu vyenye ncha na tableti inayong'aa. Akatuachia tutumie bure kwa siku chache, tuonje. Tatizo la kwanza lilikuwa meza. Tableti ilitaka namba za meza, na kwa Shangazi meza hazina namba, zina historia. Kuna meza ya dirishani, meza ya mguu mbovu, meza ya wale wa benki, na meza ya yule aliyezimia. Nikazipa namba. Wahudumu wawili walio pale, dada na mdogo wake, wakazisahau kabla sijamaliza kuzitaja. Mchana wa kwanza chakula cha meza ya mguu mbovu kilienda kwa wale wa benki, na wale wa benki wakakila bila kuuliza, ndiyo kazi yao.

Tatizo la pili lilikuwa kodi yenyewe. Mteja akala wali maharage, ukutani elfu mbili, risiti ikatoka elfu mbili, mia tatu na sitini. Mteja akaangalia risiti, akaangalia ukuta, akamwangalia na yule samaki kana kwamba ndiye aliyemsaliti. Tukampigia kijana simu. Akasema hivyo ndivyo inavyokwenda, mashine inaweka kodi juu ya bei. Shangazi akamjibu kwamba kwake bei ni ile iliyo ukutani, haina kitu juu yake isipokuwa feni. Mimi nikaingia kwenye mipangilio kutafuta pa kubadilisha. Nikakuta kodi za nchi ambazo sikuwahi kuzisikia, nikakuta mahali pa kuwekea bahashishi ya mpiga kinanda, nikatoka. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, yaani kuuliza ofisi ya kodi kama programu hiyo iko kwenye orodha ya zilizoidhinishwa. Haikuwemo. Kijana alipokuja kuchukua tableti yake akasema wako mbioni kuidhinishwa. Shangazi akamwambia mbio zikiisha apite ale.

Muuzaji wa pili alikuwa kwenye orodha. Tulimwita Fundi, kwa sababu alikuja na bisibisi, wala hakuwa na mengi ya kusema. Mashine yake ilikuwa nzito, ya kijivu, sura kama ya mizani ya posta. Lakini ilifanya kila tulichotaka. Umeme ukikatika ina betri yake, mtandao ukipotea inatunza mauzo na kuyapeleka ukirudi. Unapobonyeza chakula, karatasi moja ya oda inatokea jikoni papo hapo. Na kodi iko ndani: mteja anaona elfu mbili ukutani, analipa elfu mbili, na chini kabisa ya risiti pameandikwa kodi iliyomo ni kiasi gani.

Hapo palituchukua muda kuelewa. Shangazi alitaka kujua kodi iliyomo kwenye elfu mbili ni ngapi. Mimi nikapata mia tatu na sitini, Fundi akapata mia tatu na tano, Shangazi akapata kichefuchefu. Fundi akaeleza kwamba mimi nilikuwa naikokotoa kama ipo juu, wakati ipo ndani. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mpaka leo nikiulizwa natikisa hivyo hivyo.

Kilichomfurahisha Shangazi zaidi ni ile karatasi ya jikoni. Maana kulikuwa na jambo lililokuwa linamuuma. Kwa muda mrefu mayai yalikuwa yanapotea, na mwishowe akagundua yanapotelea wapi: bakuli la mchuzi wa kuongeza lilitoka jikoni likienda kwa mchumba wa mhudumu mdogo, na chini ya mchuzi yamelala mayai mawili. Kwa hiyo mashine ilipofungwa tu, akaandika amri kwa mkono wake na kuibandika juu ya kidirisha: HAKUNA KARATASI YA MASHINE, HAKITOKI KITU. HATA BAKULI. HATA NIKISEMA MIMI.

Mpishi wake anaitwa Geti. Kabla ya kupika alikuwa mlinzi wa lango kiwandani, na inasemekana aliwahi kumzuia mkurugenzi nje kwenye mvua kwa sababu kitambulisho alikisahau kwenye gari. Ndiye aliyesomewa ile amri. Akaisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Bosi," na macho yake yakapata uhai ambao hatukuwahi kuuona alipokuwa anakaanga samaki.

Siku ya kwanza saa za chakula cha mchana, Mwalimu akainua bakuli. Mhudumu akalipeleka kidirishani. Geti akauliza karatasi iko wapi. Mhudumu akasema ni mchuzi tu. Geti akanyoosha kidole juu, kwenye neno "hata bakuli".

Nikakimbilia mashine. Nikaandika "mchuzi wa kuongeza", nikaweka bei sifuri. Mashine ikalia, ikaandika: bei si sahihi. Nikajaribu tena taratibu, labda nimeikwaza. Bei si sahihi. Nyuma yangu mabakuli yalikuwa yameshaanza kuinuliwa meza moja baada ya nyingine, mikono juu kama darasa ambalo wote wanajua jibu isipokuwa mwalimu. Nikaandika karatasi kwa mkono: mchuzi, mabakuli manne. Geti akaigeuza, akaitazama nyuma, akanirudishia. Amri inasema ya mashine.

Shangazi akaenda mwenyewe. "Geti, mimi ndiye Bosi. Toa mchuzi."

"Bosi, soma mstari wa mwisho."

"Niliuandika mimi."

"Ndiyo maana nautii. Nikitoa bakuli bila karatasi leo, kesho nitajuaje kama ndani kuna mchuzi au kuna yai limejificha?"

Mhudumu mdogo akapata ghafla hamu ya kufuta meza ya mbali.

Tukampigia Fundi. Akasema mashine zilizoidhinishwa hazikubali mauzo ya sifuri, maana kuna watu waliuza friji kwa sifuri. Tuweke bei yoyote, hata ndogo, kisha tutoe punguzo la bei yote. Nikafanya hivyo. Punguzo likaomba namba ya siri ya mwenye biashara. Shangazi akaiweka. Bakuli la pili likaiomba tena. Bakuli la tatu nalo. Akasimama pale akibonyeza namba ya siri huku wateja kumi wakiisoma kwa sauti. Mwishowe akasema weka hamsini, niache nikapumue, tutarekebisha baadaye.

Baadaye haikufika. Mwalimu alimaliza kula, akapewa risiti, akavaa miwani. Yeye husoma kila kitu mpaka mwisho, hata maandishi ya kwenye kiberiti. Wali maharage, elfu mbili. Mchuzi wa kuongeza, hamsini. Mchuzi wa kuongeza, hamsini. Mchuzi wa kuongeza, hamsini. Akahesabu pesa kamili, akaziweka juu ya risiti, akainuka. Alikuwapo kwenye ule mkutano wa takataka, tena alikaa mstari wa mbele.

"Mama Ongeza," akasema kwa upole kabisa, "huo upawa nije kuuchukua lini?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Shangazi aliutazama upawa uliotundikwa ukutani jikoni, akarudisha zile mia na hamsini kwenye kiganja cha Mwalimu, akakifunga kwa mikono yake miwili. Mwalimu akaondoka bila kuinua kichwa.

Wateja walipoisha, Shangazi akakaa meza ya mguu mbovu, jambo ambalo hafanyi. Siku za mwezi zilikuwa zinayoyoma. Bila mashine hakuna leseni. Kwa mashine, mchuzi una bei. Akiifuta amri, mayai yanarudi kuogelea. Nilimwambia kwa utani kwamba aufunge mgahawa afungue kanisa, huko vya bure vinaruhusiwa. Akaniangalia mpaka nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Fundi tuliyemwita tena alipofika, alimkuta Shangazi ameishika risiti ya Mwalimu. Shangazi akamuuliza, ule mstari wa chini, kodi iliyomo, mteja anaulipia peke yake?

Fundi akasema hapana, umo ndani ya elfu mbili.

"Lakini umeandikwa."

"Umeandikwa tu, mama. Haulipiwi mara ya pili."

"Na ofisi ya kodi hawalalamiki kwamba hauna bei yake?"

"Walalamike nini, na umo ndani?"

Shangazi akaiweka risiti mezani na kuipigapiga kwa kidole. "Basi na mchuzi uingize humo humo."

Fundi akafikiri, akatoa bisibisi, ingawa haikuhitajika, nadhani humsaidia kufikiri. Akafuta "mchuzi wa kuongeza" kwenye orodha ya vinavyouzwa. Akaingia kwenye wali maharage, akaongeza maelezo yanayotoka jikoni pamoja na oda. Akauliza aandike nini. Shangazi akamwambia herufi kwa herufi. Karatasi ikatokea kidirishani, Geti akaisoma kwa sauti kama anayesoma hukumu: "Wali maharage moja. Mchuzi mpaka aseme basi."

Akaitundika kwenye msumari. "Hii imekamilika," akasema. "Na mayai hayajatajwa, kwa hiyo hayatoki."

Nilidhani tumemaliza. Lakini Shangazi akasema kwamba kama kodi imo ndani na mchuzi umo ndani, basi elfu mbili imejaa, haina pa kuwekea faida. Miaka yote elfu mbili ilikuwa yake yote, sasa anagawana na ofisi. Nikajaribu tena hesabu, nikapata majibu matatu, yote tofauti. Yeye hakuhesabu. Alimwita yule mchoraji wa ukutani, akamuuliza anaweza kubadilisha tarakimu ngapi kwa bei ya sahani moja ya chakula. Mchoraji akasema moja.

Mwalimu hakuonekana siku mbili. Ya tatu alikuja, akakaa dirishani, akala, akainua bakuli. Likarudi limejaa. Akainua tena. Likarudi. Risiti ilipokuja akaisoma yote, mbele na nyuma. Mchuzi haukuwemo. Kisha akatazama ukuta, ambako rangi mpya ilikuwa bado inanuka.

"Mama Ongeza, pale pameongezeka mia mbili. Hiyo ni ya kodi au ya mchuzi?"

Shangazi alikuwa kidirishani, upawa mkononi.

"Imo ndani, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akafikiri sana. Mimi pia nilifikiri, na bado nafikiri: kama ni ya kodi, basi upawa unabaki kwa Shangazi kihalali, na kama ni ya mchuzi, basi kuna mkutano wa takataka unamsubiri. Dada mpole wa ofisi ya kodi alikuja mwisho wa mwezi, akapokea risiti yake, akasema kila kitu kiko sawa. Sikumuuliza sawa kwa nani. Na Mwalimu, siku ile, aliinua bakuli mara ya tatu.

Wali maharage ni elfu mbili na mia mbili.