Nilivyokwenda Kuaga Kikosi cha Afande Jilala

Pamba ikikufunika haikuumizi. Ni laini, ina joto, inanukia jua. Inaingia puani, inaingia mdomoni, na ukipiga kelele, kelele inabaki humo humo na wewe. Nilikuwa chini ya pamba ndani ya lori, nimeshika mkono wa Holo, na huko nje nasikia kikosi chetu kinaimba na kupiga hatua mahali pamoja, vumbi hilo. Nikamsikia kijana Maduhu akiita, "Afande, Kabula na Holo hawaonekani!" Na sauti ya Afande Jilala ikamjibu, "Rudi kwenye safu!"

Mimi utingo wa lori alinivuta mguu nikatoka. Holo alitolewa baadaye. Walimlaza kwenye turubai, mama mmoja akawa anamtoa pamba mdomoni kwa kidole, taratibu, kama mtu anavyomsafisha mtoto mchanga. Taratibu ya nini tena, hakuna aliyemwambia.

Shule sikuifika mbali, na kalamu naishika kama mwiko. Lakini nina watoto wakubwa sasa, kifua changu mpaka leo kikifika msimu wa vumbi kinapiga filimbi, na nimechoka kunyamaza. Majina nitayataja.

Ila nisiwadanganye, nyie mliokua miaka ile na mimi. Utoto wetu ulikuwa mtamu, na kwa sehemu kubwa utamu wenyewe ulikuwa hiyo hiyo pamba. Mnakumbuka msimu wa mavuno? Nyumba inajaa pamba mpaka hakuna pa kutandika mkeka, tunalala juu yake, watoto wote pamoja, tunazama kama vifaranga. Baba anafoka, "Atakayekojoa humo atainunua yeye!" Asubuhi tunakwenda shule na nyuzi nyeupe kichwani kama wazee. Njiani tunatafuna michembe, vile viazi vikavu, mfukoni vimechanganyika na mchanga na bado vitamu. Ukikutana na mtu mzima unapiga goti, "Mwangaluka, mayu," na yeye anakuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za bibi, mpaka kengele inakukuta njiani. Viboko unakula, lakini umesalimia. Leo mtoto anakupita na vidude masikioni, ukimsemesha anashtuka kama umemwamsha.

Holo alikuwa wa nyumba ya pili kutoka kwetu, ng'ambo ya mto mkavu, upande wa kuelekea Nkololo. Mwembamba, miguu mirefu, mapengo mbele, na sauti, jamani, ile sauti! Kwenye mchakamchaka sisi wote tumeishiwa pumzi, yeye anaanzisha wimbo mpya. Kwenye rede alikuwa hapigwi. Ukimrushia mpira wa matambara, anakuchekea kwanza ndiyo anaukwepa.

Afande Jilala alirudi kijijini baada ya kuacha jeshi. Akakusanya vijana wa shule na waliomaliza, wavulana kwa wasichana, akasema ataunda kikosi cha gwaride. Nani angekataa? Tulichonga bunduki za mti. Mafundi wa Bariadi wakatushonea sketi na kaptula za kaki, mikanda tukakata kwenye matairi. Siku ya kwanza tulipopita sokoni tumevaa, mama yangu alijifuta macho kwa kanga, akasema, "Ona ng'wanone, mwanangu huyu, kama mtu wa serikali." Holo ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mguu wa kushoto unashuka na sauti yake, na sisi wote tunashuka nao. Nasema ukweli, sijawahi tena kujisikia mzuri namna ile.

Halafu ikaja ruksa. Mnaikumbuka. Mitumba ruksa, biashara ruksa. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Sasa wakaanza kuja watu binafsi na mizani zao na malori yao. Kwetu akaja wakala anaitwa Nkwabi, tumbo mbele, kofia nyeupe. Yeye na Afande wakaelewana, na gwaride letu likahamia kwenye lori lake.

Asiyejua nimweleze. Pamba inamwagwa ndani ya lori lenye kingo ndefu za mbao, na lazima ikanyagwe ishindiliwe, la sivyo lori linaondoka na hewa. Nani anakanyaga vizuri kuliko watoto waliofundishwa kupiga hatua pamoja? Wachache wepesi wanapandishwa juu, wengine wanasimama chini kwenye safu wanaimba na kupiga hatua ili walioko juu wasilegee. Afande aliita hayo mazoezi. Vumbi la pamba lilitukaa kifuani. Maduhu alipokataa kupanda alichapwa mbele yetu mpaka akaimba.

Kwa nini hatukutoka? Kwa sababu ya Katibu Lugata wa kijiji chetu. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema kikosi ni heshima ya kijiji, na kaya ambayo mtoto wake atakitoroka itatengwa. Kwetu ukitengwa, hakuna wa kukuazima moto. Hakuna wa kuchota maji na wewe. Mkutane njiani, mtu anaangalia mti. Na ukifiwa, unachimba kaburi mwenyewe. Wazazi wakanyoosha mikono, baba yangu mmoja wao.

Nilimwambia Holo kwanza. Tulikuwa mtoni tunachimba maji kwenye mchanga, tunayasubiri yapande ili tuyachote kwa kibuyu.

"Bebe, wewe Holo, mimi nataka kutoka."

"Utoke wapi?"

"Kikosini. Usiku nakohoa, mama halali."

Akanicheka. "Na bunduki yako atabeba nani? Mbuzi?"

Sikucheka. Akaacha kuchota.

"Na mama yako atawasha moto kwa nani?" akauliza.

"Sijui."

"Mimi sitoki," akasema. "Kuimba nitaimbia wapi? Lakini ukitengwa, mimi nitakusalimia. Watanitenga na mimi, tutakuwa wawili, tutawatenga na wao." Akaniongezea maji kwenye ndoo yangu kutoka kwenye yake.

Nyumbani nilikaa nalo siku kadhaa. Nikivaa sare nasema nitabaki, nikikohoa nasema natoka. Mwishowe mama ndiye aliyesema, wakati baba anakula ugali wa mtama na maziwa ya mgando.

"Baba Kabula, mtoto anakohoa kama mzee."

Baba akaendelea kula.

"Nilinyoosha mkono pale mkutanoni," akasema baadaye.

"Uliunyoosha wewe. Kifua ni cha mtoto."

Alinawa, akatoka kwenda zizini, akakaa huko na ng'ombe wake muda mrefu. Aliporudi alikuwa anaburura gogo. Akaliweka jikoni mwa mama, akasema, "Kesho rudisha sare. Moto tutaulinda usizimike." Mama akalifukia lile gogo kwenye majivu ya moto, lishike polepole. Alikuwa anatabasamu, na mimi nililala usiku huo bila kukohoa, au labda nilikohoa sikusikia.

Asubuhi nilikwenda na sare nimeikunja vizuri. Kikosi kimeshajipanga mbele ya lori, nusu ya lori imeshajaa upande wa nyuma. Nilipiga goti.

"Mwangaluka, Afande. Nimekuja kuaga."

Jilala akamwangalia Nkwabi, Nkwabi akaangalia saa yake.

"Kutoka ni ruksa," akasema Jilala. "Siku hizi si kila kitu ruksa? Ila lori lijae kwanza."

Watu wazima wakacheka. Mimi ni mtoto, nitasema nini? Nikaweka sare chini. Hapo Holo akatoka kwenye safu.

"Nipande naye, Afande. Tukiwa wawili litajaa upesi, aende zake."

Akanipandisha kwa kunipa goti lake nikanyage. Tukawa kwenye shimo la mbele, nyuma ya kichwa cha gari, tunakanyaga, na pamba ile iliyotangulia imesimama nyuma yetu kama ukuta. Holo akaniambia, "Ukishatoka, jioni njoo na michembe." Nkwabi akamwambia dereva asogeze lori lifike kwenye lundo la pili. Hakuna aliyesema watoto washuke kwanza. Dereva akasogea, akafunga breki, na ukuta ukatujia.

Yaliyofuata nimeshayaeleza. Lile lori liliondoka jioni ile ile, limejaa. Kwenye msiba Nkwabi alileta mchele na sukari, akakaa kwenye kiti akanywa chai. Katibu Lugata akasimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa na pumu. Pumu! Holo, aliyekuwa anaimba akikimbia kutoka mtoni mpaka shuleni! Mama yake alinyanyua uso akamwangalia. Hakuna kiongozi aliyekuja kuuliza. Kikosi kilikufa kimya kimya, bunduki za mti zikapikiwa ugali.

Siku hizi nikienda Bariadi mjini naona taa, naona lami, naona watoto wetu. Ukimwambia kijana asimame wima anakuuliza, "Kwani kuna nini?" na macho hayatoki kwenye simu. Tunawasema sana, sisi wa rika letu, kwamba hawana nidhamu, hawasalimii. Na mimi nawasema. Ningetoa ng'ombe nione tena watoto wanapiga goti njiani, wanalala juu ya pamba wanacheka. Lakini nikikumbuka wenzangu wamesimama kwenye safu wanaimba huku sisi tuko chini, nasema afadhali hawa. Mmoja wao angeacha wimbo akauliza, na akiambiwa arudi kwenye safu asingerudi.

Lugata alishakufa. Nkwabi sijui alikoishia, anayejua aseme. Lakini wewe Jilala uko hai. Nimekuona Jumapili, umekaa benchi la mbele kanisani, watu wanakuita mzee wetu. Nakuuliza kwa jina, na wote wanaosoma wakusikie ukijibu: Maduhu alipokuita, ulijua tumefunikwa, au hukujua? Mimi usinijibu. Nenda kwa mama yake Holo. Macho yameisha lakini masikio yanasikia, na nyumba unaijua. Piga goti, umsalimie, halafu umwambie kwa kinywa chako mtoto wake alikufa na nini.